Wa Mwisho ni Nani?

Mgeni hakuuliza wa mwisho ni nani.

Alitokea kwenye kona saa nne asubuhi, shati jeupe la mikunjo, begi jekundu mgongoni, akaja moja kwa moja kwenye foleni ya kliniki ya moyo ya mtaa wa Regla, ng'ambo ya ghuba kutoka Havana, na kusimama nyuma.

Kapteni Odalys Quiñones, mbele kidogo kwenye foleni hiyo hiyo, akamkazia macho.

Hata mtoto wa chekechea anajua. Ukifika, unapaza sauti: "Wa mwisho?" Mtu anainua mkono. Tangu hapo wewe uko nyuma yake, hata akienda kukaa kivulini, hata akirudi kwake kuinjika maharage. Foleni ya Kuba haishikwi na miguu. Inashikwa na neno.

"Umetoka wapi, kaka?" Mwalimu Heriberto, mstaafu mwenye pikipiki ya umeme iliyofungwa waya kila mahali, alimgeukia mgeni.

"Mkoani, Camagüey. Nimezaliwa na kukulia huko."

"Na huko Camagüey hamna foleni?"

Watu wakacheka. Mgeni naye akacheka, lakini alichelewa.

Odalys aliinamia kifungo cha blauzi yake, chenye maikrofoni, akajitaja kwa jina la kazi.

"Tokororo kwa Tai. Nadhani ndiye."

"Una hakika gani?" Sauti ya Kanali Zaldívar ilikwaruza sikioni.

"Hakuuliza wa mwisho."



"Usimwache. Lakini mshike akiwa na chupa mkononi. Bila chupa ni mtu tu asiye na adabu."

Chupa. Kwa ajili yake Odalys alikuwa amesimama juani siku tatu, akijifanya raia.

Ndani ya kliniki, kwenye chupa ya chuma yenye umbo la debe la maziwa, seli zililala katika nitrojeni kimiminika, baridi kuliko baridi yoyote. Seli hizo zilitengeneza protini moja, dawa ya moyo. Daktari Belkis Armenteros alikuwa amemweleza akichora kwa kidole mezani.

"Shinikizo la damu ni kama mlango mzito, Kapteni. Moyo unausukuma mchana na usiku. Misuli inanenepa, inakakamaa, mwisho inalegea. Humo ndani protini zake zinapinda, zinavunjika. Hii yetu ni fundi. Inaishika iliyopinda, inainyoosha, inairudisha kazini. Ni kama sisi na magari yetu ya Lada. Hatutupi, tunanyoosha."

"Na mafundi wakiisha?"

"Mapafu yanajaa maji."

Odalys alilijua hilo. Mama yake alikufa ameketi kitini, kwa sababu kila alipolala alizama kwenye maji ya mapafu yake mwenyewe. Miezi minne ya kuketi. Tangu siku hiyo Odalys alikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda.

Sasa ilikuwa na mahali.

Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kuzinunua zile seli, ikakataliwa. Ikatuma mwizi. Ingeiandikisha protini kwa jina lake, na wazee wa Regla waliotoa mishipa yao dawa ijaribiwe humo wangeisoma gazetini. Chupa mbili nyingine zilikwisha kuharibika Agosti, umeme ulipokatika siku tatu na nitrojeni ikakosekana. Ilibaki hiyo moja.

"Mwanangu, moyo wangu." Bibi Eneida Fonseca alimgusa kiwiko. Miaka sabini na moja, miguu imevimba hadi viatu vimekatwa mbele. "Siwezi kusimama zaidi. Naenda kujilaza kidogo, nyumba ya tatu baada ya kona. Nishikie nafasi yangu."

"Nenda, bibi."

"Leo sindano ni kumi tu. Muuguzi akiita usipokuwepo, inakwenda kwa mwingine. Mimi ni wa tisa."

"Nitakuwepo."

"Wote husema hivyo."

"Mimi si wote. Zamu yako haitapita."

Bibi Eneida alimtazama, akakubali kwa kichwa, akaenda zake polepole, akishika ukuta.

Muuguzi aliita wa tano. Akaita wa sita.

Mlango wa pembeni ukafunguka.

Mtunza stoo, jasho likimtiririka, alisukuma nje kitoroli chenye ile chupa ya umbo la debe. Mgeni alichomoka kwenye foleni kama risasi. Alilibeba debe la chuma, akalitumbukiza kwenye begi, akarukia pikipiki ya Ural yenye kigari cha pembeni. Moshi. Mlio.

"Mwizi!" Mwalimu Heriberto alipiga kelele.

"Mwalimu, pikipiki yako!"

"Chukua! Lakini breki ya mbele haipo!"

"Na ya nyuma?"

"Ina siku zake!"

Odalys alikuwa keshaondoka.

Mteremko wa kwenda gatini. Mawe. Ural mbele, mita mia. Mkono wake uligusa bastola ya Makarov kiunoni, ukaiacha. Risasi moja ikitoboa chupa, kila kitu kimekwisha. Ural ikipinduka, kimekwisha. Mwizi alilijua hilo. Aliendesha kama mtu aliyembeba mateka.

"Tai, anakimbilia kivuko!"

"Boti linang'oa nanga dakika nne zijazo. Gari letu liko mbali."

"Basi nitamshika mwenyewe."

"Odalys. Chupa kwanza."

"Najua, Kanali!"

Gatini kulikuwa na watu sitini, wote wakisubiri boti la kuvuka ghuba kwenda Havana. Mgeni aliitupa Ural, akakumbatia begi, akawapasua katikati.

Hapo alikosea mara ya pili.

"Wee! Unakwenda wapi?"

Mwanamke mnene, keki kubwa ya buluu juu ya kiganja, alimzibia njia.

"Nipishe, ni dharura!"

"Sote tuna dharura. Keki hii inayeyuka. Uko nyuma ya nani?"

"Nini?"

"Nyuma ya nani! Nani ni wa mwisho wako?"

Watu sitini wakamtazama mtu asiye nyuma ya yeyote. Ukuta wa mabega ukajifunga.

"Huyu katoka wapi?"

"Mbinguni, labda."

"Arudi huko akapange foleni!"

Boti lilipiga honi, likaondoka bila yeye wala wao.

Odalys aliruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inakwenda. "Usalama wa Taifa! Weka chini!"

Mgeni alirudi nyuma hadi ukingoni. Alilichomoa debe, akalining'iniza juu ya maji.

"Hatua moja na linazama. Niletee boti dogo na nahodha."

"Unajua umeshika nini?" Odalys alisimama palepale. "Umeshika pumzi ya wazee. Wewe unaona bidhaa. Kuna bibi pale juu amekata viatu vyake kwa wembe ili miguu iingie! Alitoa mishipa yake miaka miwili. Nyinyi mlitoa nini?"

"Mimi ni mbebaji tu, dada."

"Umenikanyaga!" alifoka mwanamke wa keki, na kumbamiza keki yote usoni.

Debe likamtoka mkononi.

Odalys alijirusha kifudifudi, akalidaka, mkono mmoja shingoni mwa debe. Kizibo kilikuwa kimelegea. Nitrojeni ikamwagika juu ya vidole vyake, nyeupe, kama moto. Ngozi iliganda kwenye chuma. Akili yake yote ilimwambia aachie.

Hakuachia.

Alilisimamisha. Alikikaza kizibo kwa mkono wa pili. Nyuma yake watu kumi walikuwa wamemkalia mgeni, wakibishana nani alitangulia.

Gari la Kanali lilifika pamoja na Daktari Belkis. Daktari alipima baridi ya chupa, akaibusu.

"Ziko hai."

"Panda, Kapteni," Kanali alisema. "Jenerali anasubiri. Anataka kumpokea mfungwa kutoka mkononi mwako. Nyota ya umeja iko mezani."

Odalys alitazama saa ya gati.

"Siwezi sasa."

"Usipokwenda, mwenzako Remigio ndiye atakayemkabidhi. Kazi itaandikwa yake."

"Mpe Remigio."

"Wazimu? Na mkono huo unahitaji hospitali!"

"Kanali, niko kwenye foleni."

Alipanda mteremko kwa pikipiki ya Mwalimu, akiiendesha kwa mkono mmoja, meno ameyauma.

"Wa tisa! Fonseca!" Muuguzi alisimama mlangoni. "Fonseca, Eneida! Hayupo? Wa kumi—"

"Yupo!"

Odalys aliiacha pikipiki iegemee ukutani na kukimbia.

"Wewe si Eneida," alisema muuguzi.

"Kamshikia nafasi," alidakia Mwalimu Heriberto. "Mimi shahidi."

"Na sisi!" foleni nzima ikaitikia.

Muuguzi alishusha karatasi. Neno ni neno. Akasubiri.

Mtu alikimbia kumwita, na Bibi Eneida akaja, ukuta kwa ukuta. Alipopita aliuona mkono uliofungwa kitambaa, vidole vimekuwa vyeupe kama nta.

"Yesu na Maria! Umepatwa na nini, moyo wangu?"

"Kuna mtu alitaka kupita bila foleni, bibi."

"Mmempeleka wapi?"

"Mwisho kabisa."

Odalys alingoja mpaka mlango ulipofungwa nyuma ya bibi. Kisha akashuka barabara taratibu kutafuta hospitali. Huko nako kulikuwa na foleni; aliijua hiyo pia.