Kifua cha Sitini na Tisa

Kila siku akitoka shule, msichana huyu hupitia mlango wa nyuma wa karakana ya kushona ya mama yake, huvua viatu, hunywa maji glasi mbili, kisha huwaamkia mafundi mmoja mmoja. Mafundi ni wanane. Humwitikia "marahaba" bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, halafu humuuliza kama ameshiba, kama amefaulu, na kama leo kompyuta iko salama au imenuna. Wote humwita Karani, kwa sababu mambo yao yote yanayotakiwa kuandikwa kwenye kompyuta huyaandika yeye. Ana miaka kumi na miwili, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vya mtu mzima yeyote mle ndani. Jambo hilo analijua vizuri, pengine vizuri mno.

Mtu pekee asiyeketi kwenye cherehani ni Babu Chaki, mkataji wa vitambaa. Yeye husimama kutwa nzima mbele ya meza ndefu, chaki nyuma ya sikio, utepe wa kupimia shingoni, miwani minene puani. Si babu yake Karani wa damu, lakini humwita mjukuu, na ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa vipande vya chaki kabla hajaanza shule. Meza yake ina mguu mmoja mfupi. Kwa muda mrefu waliuwekea kipande cha ubao, na ubao ulipopasuka, Mama aliuwekea kitabu.

Kitabu hicho ndicho chanzo cha nusu ya balaa ninayotaka kuisimulia. Nusu nyingine tutaifikia.

Mambo yalianza pale karakana ilipopata oda yake ya kwanza kubwa: makoti meupe mia moja na ishirini ya wauguzi wa hospitali. Mnunuzi hakutaka karatasi wala maelezo ya simu. Alitaka kila kitu kiandikwe kwenye mfumo wake wa kompyuta, kwa fomu moja inayotumiwa na wote: kiwanda cha vitambaa, mchapaji wa lebo, washonaji na ghala. Mama alihudhuria mafunzo ya siku mbili, akarudi na kichwa kinamuuma pamoja na kitabu cha maelezo. Kichwa kilipona. Kitabu kikaenda chini ya mguu wa meza, kwa kuwa kilikuwa na unene ule ule wa ubao.

"Kwani tuna shida gani?" Mama alisema. "Tuna Karani wetu."

Jumamosi moja asubuhi, Karani aliketi kujaza fomu ya vipimo. Saa nne alitakiwa uwanjani kwa mazoezi ya mpira wa pete, na nahodha wa timu, msichana wa darasani kwake asiyependa mtu kuchelewa, alikuwa ameshasimama mlangoni na mpira kwapani.

"Dakika tano tu," Karani alimwambia.

Babu Chaki alikuwa amempa kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: koti dogo, kifua sentimita 96, la kati, 104, kubwa, 112. Karani akaandika 96 na kubonyeza kitufe. Mstari mwekundu ukatokea: "Kipimo hakikubaliki. Andika kati ya 35 na 70."

Akaandika tena, polepole, kama mtu anayemsemesha asiyesikia vizuri. Mstari ukarudi pale pale. Akajaribu 104. Mwekundu. Akajaribu 112. Mwekundu vilevile. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akasubiri, akaandika upya jina la karakana, namba ya oda, rangi, idadi, vitu vyote, mpaka akafika kwenye kifua, na mstari ukamtokea kama mgeni asiyejua kuaga.

"Hii mashine ina wazimu," alisema. "Kuna mtu mzima gani mwenye kifua cha sitini?"

"Muulize mama yako," nahodha alimshauri.

"Mama naye atajua nini? Mimi ndiye ninayemfundisha kufungua barua pepe."

"Si kuna kitabu?"

"Kimebeba meza."

Nahodha aliutazama mguu wa meza, akatazama saa ya ukutani. "Nakwenda," alisema. "Kocha atampanga mwingine kwenye nafasi yako, mimi simo."

Karani alihisi kichwa kinawaka moto. Alikuwa amejaribu mara kumi na moja, na hakuna hata mara moja ambayo mashine ilimwambia kosa ni lipi. Ilimwambia tu inataka kati ya 35 na 70. Haya basi, alijisemea, kama ndicho unachotaka, chukua. Koti dogo akaliandikia 68, la kati 69, kubwa 70, ili angalau ionekane zimepangika. Alama ya kijani ikawaka. Mara tatu, moja baada ya nyingine, kijani, kijani, kijani. Kikaratasi cha Babu Chaki akakisokomeza ndani ya daftari lake la hesabu na kutoka mbio.

Jioni Mama alimsifu mbele ya mafundi wote. Shangazi Pindo, dada yake Mama anayeshona mapindo na kusema kila kinachomjia, alidai kwamba mtoto huyu ataajiriwa na mnunuzi mwenyewe na kuwasahau wote. Karani alicheka pamoja nao. Daftari la hesabu akalisukuma chini kabisa ya begi.

Wiki tatu zilikwenda. Makoti yalikatwa, yakashonwa, yakapigwa pasi, yakatundikwa kwa safu tatu. Mchapaji, mtaa wa tatu kutoka hapo, alileta lebo ndogo nyeupe zenye mistari myeusi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuisoma, ila mashine tu. Kila koti likashonewa lebo yake ndani ya ukosi. Mama alikuwa akipita katikati ya safu akiyagusa mabega ya makoti, maana oda hii ikipokelewa, mnunuzi alikuwa ameahidi kazi ya mwaka mzima. Ikikataliwa, mafundi watatu waliokuja karibuni wangerudishwa makwao. Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyelitaja.

Ijumaa, saa nane na nusu mchana, gari lilisimama mlangoni. Msimamizi wa mizigo alishuka na kifaa chake cha kusomea lebo mkononi, kijana mpole, mwenye adabu, na asiye na msaada wowote. Alikipitisha kifaa kwenye lebo ya koti la kwanza. Kikalia. Akachukua utepe, akalilaza koti juu ya meza na kulipima.

"Mama, mfumo unasema koti hili lina kifua sitini na tisa," alisema. "Mimi napata hamsini na mbili."

"Pima tena."

Alipima tena. Akapima lingine, na lingine. Yote yalikuwa madogo kuliko yalivyoandikwa, na kila mara kifaa kililia kwa sauti ile ile ya kuudhi.

"Siwezi kuyapakia," alisema. "Nikiyapeleka, ghala litayarudisha yote. Naenda kuchukua mzigo mwingine mbele huko, na kesho saa tatu asubuhi nitapita tena. Kama mfumo utakuwa bado unakataa, nitaandika kwamba mmeshindwa. Niwieni radhi."

Gari liliondoka. Hapo ndipo Karani alipoingia kwa mlango wa nyuma na begi lake la shule. Hakupata hata nafasi ya kuvua viatu.

"Karani," Mama aliita. "Vile vipimo vya makoti, uliandika kama alivyokupa Babu?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa jepesi pia. Lakini kila jicho mle ndani lilimwelekea yeye, na ulimi ukatangulia.

"Nilinakili karatasi yake," alisema.

Mama alimgeukia Babu Chaki. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ilivyokuwa na hasira. "Babu, uliandika sitini na tisa, halafu ukakata hamsini na mbili?"

"Sitini na tisa?" Babu Chaki alishangaa. "Namba hiyo mimi naitoa wapi?"

"Mtoto amenakili."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Alilichukua koti moja na kulipima, akalipima tena, midomo ikihesabu. Kisha akauachia utepe uanguke mezani.

"Basi ni macho," alisema. "Nimekuwa nikijiambia ni taa. Kumbe ni macho. Kama naandika namba nisizozijua, kesho nitakata mkono wa mtu nikidhani ni kitambaa."

"Sijasema hivyo, Babu," Mama alisema.

"Nimesema mimi."

Akaanza kuufunga mkasi wake mkubwa ndani ya kitambaa, mkasi ambao hakuwahi kuuondoa pale mezani hata siku moja. Aliufunga taratibu. Aliitoa chaki nyuma ya sikio na kuiweka juu yake.

Karani alijua kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, mzee ataondoka. Na alijua kitu kibaya zaidi: kwamba hakuna atakayegundua. Mistari ile myeusi haisomeki, na kikaratasi kilikuwa ndani ya begi lake. Angeweza kukichana bafuni. Wazo hilo lilimtisha kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Akapiga moyo konde, akafungua daftari la hesabu, akakitoa kikaratasi kikiwa kimekunjamana na kukiweka juu ya meza.

"Babu hakukosea," alisema. "Aliandika tisini na sita, mia na nne, mia na kumi na mbili. Mfumo ulikataa. Nikaandika namba zangu ili ukubali. Sasa hivi nimedanganya tena."

Mama alikisoma kikaratasi, akamtazama binti yake.

"Mtoto huyu," Mama alisema. "Watu wanane. Wiki tatu. Na Babu anafunga mkasi wake, nawe umesimama unamwangalia."

"Nisamehe, Mama."

"Usianze na mimi."

Karani alimgeukia mzee. "Nisamehe, Babu. Macho yako ni mazima."

Babu Chaki alikuwa amekishika kikaratasi, na kidole chake kilikuwa juu ya mia na nne. "Nusu yake," alisema polepole, "ni hamsini na mbili."

Wakatazamana. Kisha Mama akainama, akashika meza kwa mkono mmoja, na kukivuta kitabu kutoka chini ya mguu. Meza ikainama, vifungo vikamwagika sakafuni, na hakuna aliyejali. Jalada lilikuwa na tundu la mguu wa meza, lakini ukurasa wa kumi na moja ulisomeka. Palikuwa na picha ya koti limelazwa, na mshale kutoka kwapa hadi kwapa. Chini yake yalikuwa maneno haya: "Pima nguo ikiwa imelala. Usipime mzunguko wa mwili."

"Hayo tu?" Shangazi Pindo aliuliza. "Tumeumwa vichwa vyote hivi kwa hayo tu?"

Hayo tu. Karani alifungua kompyuta na kuandika 48. Kijani. 52. Kijani. 56. Kijani. Ilikuwa imemchukua muda mfupi kuliko kunywa glasi moja ya maji, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mama alimpigia simu mchapaji, akamweleza ukweli bila kujitetea, naye akakubali kuchapa lebo upya jioni ile ile. Karani alikabidhiwa wembe na kuonyeshwa namna ya kufumua bila kukata kitambaa. Nahodha alipokuja kumwita mazoezini, alimkuta sakafuni katikati ya makoti meupe.

"Leo siji," Karani alimwambia. "Nafumua uongo wangu."

Nahodha aliutua mpira, akaomba wembe wa pili.

Walipoifumua lebo ya mwisho, saa kumi na mbili jioni, vidole vya Karani vilikuwa vimevimba. Usiku ule mafundi wakashona lebo mpya. Asubuhi kifaa cha msimamizi kilipita kwenye lebo mpya mia moja na ishirini, na hakikulia hata mara moja. Gari lilipokwisha pakiwa, Mama alimketisha Karani kando yake.

"Fomu hii haikutengenezwa kututesa," alisema. "Fundi anapima mtu, kiwanda kinapima nguo, ghala nalo lina njia yake. Ndiyo sababu wakakubaliana njia moja, ili namba yangu na yako iwe na maana ile ile. Mimi nilikosea kukitia kitabu chini ya meza, na nimekiri. Wewe hukukosea kwa kutojua. Mashine ilikuuliza swali, ukaijibu ili inyamaze tu. Ukiandika uongo kwenye daftari lako, unabaki kwenye begi lako. Huu uliupeleka kwa mchapaji, ukaenda ghalani, ukarudi na kumkuta Babu. Usipojua, sema hujui. Hakuna aibu ndani yake."

"Ndiyo, Mama."

Wiki iliyofuata ilikuja oda mpya, ya suruali. Karani alijaza fomu mpaka akafika kwenye kiuno, na mstari mwekundu ukatokea. Damu ikamchemka kama zamani. Aliutazama mstari, akavuta pumzi, akasimama na kwenda kwenye meza ndefu, ambayo sasa ilikuwa na kipande kipya cha ubao chini ya mguu.

"Babu," alisema, "hapa sijui."

Babu Chaki hakuwa amemwita mjukuu tangu siku ile. Aliutoa utepe shingoni, akaishika ncha moja, na nyingine akamnyooshea.

"Shika huko, mjukuu wangu," alisema. "Tupime wote wawili."