Fedha Tupu

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mashine ya kuponda barafu ilikuwa imesimama na taa yake ya kijani imezimika. Elias Chenge, fundi umeme wa kiwanda, alikuwa amelala ubavu kando ya mota, bisibisi ikiwa bado mkononi. Sakafu ilikuwa na maji. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na alama nyeusi za kuungua.

Inspekta Wilhelmina Machibya alisimama mlangoni na hakuingia.

"Nestory, kata mein swichi kwanza."

Meneja wa kiwanda alimwahi. "Afande, ukikata hiyo chumba cha baridi nacho kinazimika. Kuna sangara humo tani nne."

"Na marehemu ulimkataza kuikata?"

"Mchana hatukati. Ni utaratibu. Fundi anazima mashine anayoitengeneza, basi."

"Kata," Inspekta alimwambia Koplo Nestory.

Mtuhumiwa hakuwapo. Aliitwa Obedi, fundi mwenzake Elias, na gari la polisi lilikuwa limempeleka hospitali. Watu wa mwaloni, soko la samaki la ufukweni, wanaonunua barafu pale kila asubuhi, walimfikia kabla ya askari. Ubao wa kreti ya samaki waliompigia kichwani ulikuwa bado uani, na nywele zilikuwa zimenasa kwenye msumari.

Dorcas, mchuuzi wa samaki, alikuwa amesimama karibu na mashine wakati Elias anaanguka.

"Nilisikia kwa masikio yangu, afande. Obedi alisema, 'Shika!' Mwenzake akashika. Akaanguka."

"Kabla ya kusema 'shika' alifanya nini?"

"Alikuwa pale kwenye swichi. Sijui alifanya nini. Mimi nauza sangara, siuzi umeme."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Mmoja wao alikuwa awe fundi mkuu. Wawili, kiti kimoja. Unadhani watakaa kwa zamu?"

"Nani alianza kusema kwamba ameuawa?"

Dorcas alitazama beseni lake.

"Mke wake alikuja na bodaboda. Alipomwona mumewe pale chini akasema, 'Ni Obedi huyo. Anataka cheo chake.' Alisema mara moja tu. Watu wa mwaloni hawangoji uwaambie mara ya pili."

Mwili ulipoondolewa na sakafu kukaushwa, Inspekta aliamuru umeme urudishwe. Nestory alibonyeza kitufe cha kijani. Mota ikanguruma. Akabonyeza chekundu. Mota ikasimama na taa ikazimika. Mtu yeyote angeapa kwamba umeme umekatika.

"Pima waya za mota," alisema Inspekta. "Zote tatu."

Testa haikuwaka kwenye waya wa kwanza, wala wa pili. Kwenye wa tatu iliwaka.

"Imezima lakini haijazima," alisema Nestory.

"Tafuta waya wa pembeni. Kama mtu aliunganisha kwa makusudi, utauona."

Nestory alitafuta tangu boksi la swichi hadi kwenye mota. Hakukuwa na waya wa pembeni. Inspekta akaagiza mein swichi ikatwe tena na kontakta ifunguliwe. Hicho ndicho kifaa kinachokata na kuunganisha umeme wa mashine kila kitufe kinapobonyezwa. Ndani kulikuwa na jozi tatu za vidonge vya fedha, kila kimoja kikubwa kama punje ya kunde. Mafundi huviita pointi. Zikigusana, umeme unapita, zikiachana, unakatika. Jozi mbili ziliachana. Ya tatu ilikuwa imeshikana. Nestory aliingiza ncha ya bisibisi katikati, akasukuma, na bisibisi ikateleza.

"Zimeungana, afande. Kama zimechomelewa."

Inspekta aliziweka kwenye bahasha ya ushahidi, akaandika tarehe.

Hospitalini Obedi alikuwa amefungwa bandeji kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Askari alikaa mlangoni. Kabla ya kuingia, Inspekta alisoma taarifa ya daktari: picha ya kichwa ilionyesha damu sehemu ya nyuma ya ubongo, inayohusika na kuona. Mgonjwa haoni. Hakuna dalili kwamba ataona tena.

"Nani huyo?" aliuliza Obedi.

"Inspekta Machibya, upelelezi."

"Shikamoo, afande."

"Marahaba."

"Nesi amesema macho yamevimba tu, yatafunguka. Ni kweli?"

"Daktari atakueleza."

"Basi si kweli."

Inspekta alivuta kiti.

"Ulimwambia Elias ashike?"

"Nilimwambia. Nilibonyeza nyekundu, mashine ikasimama, nikasema shika. Siku nyingine yeye anabonyeza, mimi nashika. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

"Kwa nini hamkupima kwa testa?"

"Tulizoea, afande. Fundi umeme akikwambia kila siku anapima, huyo ni mhubiri."

"Mlikuwa mnagombania ukuu wa mafundi."

"Fundi mkuu anabeba funguo na kutukanwa na meneja. Nilimwambia Elias achukue yeye, ana sura ya kutukanwa. Tulicheka."

"Nani aliwasikia?"

"Elias."

Inspekta aliandika jibu hilo kama lilivyo.

"Pointi za ile kontakta zilifungwa lini?"

"Mwezi huu. Elias alizileta mwenyewe kutoka Mkolani. Alijisifu nazo sana. Alisema hizi haziungui hovyo, amepewa za daraja la kwanza."

"Na nani?"

"Hakusema. Afande, wamemzika?"

"Kesho."

"Nani ataniombea radhi kwa mama yake? Sitaweza kufika."

Jioni mkuu wa upelelezi alimwita Inspekta ofisini. Alikuwa na maelezo ya Dorcas mezani.

"Kuna neno, kuna nafasi, kuna sababu. Unangoja nini?"

"Kipimo cha maabara, mkuu."

"Familia ya marehemu iko hapo nje tangu saa nane. Mjane anauliza kwa nini muuaji hajafikishwa mahakamani. Nakupa hadi Jumatatu. Kisha jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, liwe na kipimo au lisiwe nacho. Kosa ni kuua kwa kukusudia."

Adhabu ya kosa hilo haikuhitaji kutajwa.

Inspekta alikuwa na dhana moja: muuza pointi alipunja fedha, akajazia madini rahisi, zikashindwa kazi. Wizi wa kawaida wenye matokeo yasiyo ya kawaida. Jumatatu asubuhi maabara ilileta jibu, na dhana hiyo ikafa. Pointi zote zilikuwa fedha tupu. Hazikuchanganywa na kitu chochote.

Aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaenda Mkolani.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vipuri. Mwenyewe, Ashish, alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, familia yake ikifanya biashara Mwanza tangu enzi za babu yake. Pointi za viwanda vingi vya kandokando ya ziwa zilitoka kwake. Unga wa fedha ulipimwa, ukachanganywa, ukabanwa kwenye presi hadi ukawa kidonge, kisha ukaokwa katika tanuri bila kuyeyuka, chembe zikashikamana.

Inspekta alimpa karatasi ya maabara. Ashish aliisoma na rangi ikamtoka.

"Hizi si zangu, mama."

"Zina alama ya presi yako."

"Presi yangu, ndiyo. Mchanganyiko si wangu. Mimi naweka bati. Bati lililochomwa likawa unga mweupe, sehemu moja kwa kumi."

"Kwa nini?"

"Fedha tupu inapenda fedha. Pointi zikiachana, cheche inaruka, fedha inayeyuka kidogo. Zikikutana tena, zinaoana. Siku moja unaziambia ziachane, zinakataa. Bati linakaa katikati yao, haziwezi kushikana. Bila bati, hiyo ni hereni, si pointi."

"Wafanyakazi wako wanalijua hilo?"

"Wanajua kipimo."

"Nauliza sababu."

Ashish alikunja karatasi. "Sababu ni siri ya kazi. Nikimwambia kila mtu sababu, keshokutwa anafungua karakana hapo mbele yangu."

"Nani anachanganya?"

"Mmoja tu. Gladness. Mumewe ndiye huyo aliyefariki." Aliendelea taratibu zaidi. "Ana mkono msafi, mama. Nilimtoa kwa sonara wa Nyamagana. Hajawahi kuniibia hata chembe. Mwezi huu aliharibu seti moja, akaja mwenyewe kuniambia nimkate mshahara."

"Hiyo seti iliyoharibika uliiona?"

"Hapana," alisema Ashish. "Nilimwamini."

Nyumba ya Elias haikuwa mbali. Wanawake wa msiba walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani. Gladness aliletwa katika chumba cha ndani, khanga ikiwa imefungwa kichwani. Alikuwa na miaka thelathini. Nestory alisimama mlangoni.

"Pole na msiba," alisema Inspekta.

"Asante, afande. Mmeshamfikisha mahakamani?"

"Bado. Kabla hujasema lolote, sheria inanitaka nikuonye. Hulazimiki kujibu. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika kama ushahidi."

"Unionye mimi? Mfiwa?"

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Uliza."

"Pointi za ile mashine zilitoka kwa nani?"

"Kwangu."

Alijibu bila kusita.

"Ulichanganya nini?"

Gladness alitazama mlango, akashusha sauti. "Afande, nikikwambia, bosi atanifukuza. Lakini mimi siogopi tena. Yule bwana anachakachua. Anauza pointi za fedha, kumbe ndani kuna bati. Bati! La kuezekea! Mimi ndiye ninayelipima kila siku, na kila siku naomba Mungu anisamehe."

"Nani alikwambia ni kuchakachua?"

"Nani aniambie? Nimekaa kwa sonara miaka saba. Mwenzetu mmoja alitia bati kwenye bangili za fedha za watu, akafungwa jela. Nilikuwepo polisi walipokuja."

"Na seti ya Elias?"

"Mume wangu pointi zilikuwa zinamuungulia. Meneja anamsema, na cheo kiko karibu. Nikasema, watu wote nawachakachulia kwa sababu nimeamriwa, lakini si mume wangu. Nikamtilia fedha tupu. Sikuiba, afande. Nilimwambia bosi nimeharibu seti, anikate. Amekata." Alinyoosha mgongo. "Ile ndiyo seti moja safi iliyotoka katika karakana ile."

Inspekta aliandika hadi mwisho wa sentensi. Kisha akatoa kwenye bahasha pointi mbili zilizoshikana, akaziweka mezani.

"Zivute."

Gladness aliziangalia. Akazichukua, akavuta kwa kucha, kisha kwa vidole vyote.

"Haziachani," alisema.

"Obedi alizima swichi. Mashine ikasimama. Hizi hazikuachana. Umeme ulibaki kwenye waya mmoja, na Elias akaushika huo."

"Kwa nini haziachani?"

"Fedha tupu hushikana. Bati huwekwa ili isishikane. Si la kuezekea, na hakuna anayeibiwa. Ndiyo kazi yake."

Nje mtu alikuwa anaita watoto waje kula. Gladness alivuta tena zile pointi. Alizivuta mpaka ukucha ukavunjika.

"Hakuniambia," alisema. "Bosi. Hakuniambia ni ya nini."

"Hapana. Hakukwambia."

"Neno moja tu angeniambia."

"Uliongeza fedha na kuondoa bati kwa hiari yako?"

"Afande..."

"Lazima nikuulize. Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu. Kwa sababu nilimpenda. Andika na hilo."

Inspekta aliandika. Gladness aliyasoma maelezo yote, akatia saini. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake aliposema:

"Obedi yuko wapi?"

"Hospitali."

"Nilimtaja mbele ya watu. Mimi. Walimfanya nini?"

"Haoni."

"Ataona lini?"

"Hataona."

Gladness hakuomba wakili wala dhamana. Aliomba apelekwe kwa Obedi kabla ya kupelekwa mahabusu. Kanuni hazikulazimisha na hazikukataza. Inspekta alimpigia simu mkuu wa upelelezi, akamsomea maelezo. Mkuu akasema jalada la Obedi lifungwe na jipya la Gladness lifunguliwe, kuua bila kukusudia. Kuhusu Ashish, mkuu alisema hakuna sheria inayomlazimisha mtu kueleza sababu ya kipimo chake.

Hospitalini Inspekta aliingia wa kwanza. Alimwambia Obedi kwamba hatuhumiwi tena na askari wa mlangoni anaondoka. Obedi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za mtaa mwingine.

"Kuna mtu hapa anataka kuzungumza nawe," alisema Inspekta, akarudi nyuma.

Gladness alisimama miguuni pa kitanda. Alitazama bandeji, na mikono ya Obedi iliyokuwa ikipapasa shuka.

"Ni mimi, Obedi," alisema.

Obedi aligeuza uso kuelekea sauti.

"Shemeji? Nimekutambua. Pole na msiba, shemeji. Nisamehe sikufika mazishini."

"Obedi. Ni mimi."

"Nimekusikia, shemeji. Uko na nani? Usisimame, umechoka."

"Ni mimi," alisema Gladness mara ya tatu.

Obedi aliupapasa ukingo wa kitanda kwa mkono, akaupata, akajisogeza upande wa ukutani ili shemeji yake apate pa kukaa.