Mwanamume Aliyenusa Juisi

Watu walikuwa wametoka kuswali adhuhuri, na mkahawa wa Bi Khamisa, nyuma ya soko la samaki la Kismayo, ulijaa hadi mlangoni. Wachukuzi wa bandarini waliitisha tambi za baasto kwa Kisomali, wavuvi wa kisiwa cha Chula waliitisha wali kwa Kibajuni, bajaji zilipiga honi nje, na Swabra, mwenye mikono miwili tu, alikuwa amebeba sahani nne. Ndipo alipomwona yule kijana wa meza ya dirishani.

Alivaa shati jeupe la kitani, mikono ameikunja hadi viwikoni. Mbele yake palikuwa na changu wa kuchoma na gilasi ya ukwaju. Hakunywa. Aliishika gilasi chini kabisa kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu mpaka juisi ikapanda kandokando, kisha akaingiza pua ndani na kufumba macho.

"Mna inzi?" Bi Khamisa aliuliza kwa sauti kutoka jikoni, kwa Kibajuni chake.

"Hamna, mama."

"Basi mchu huyu anusa nini? Kunywa, mwanangu! Ukwaju haunuswi!"

Meza zote zilicheka. Kijana naye akacheka, masikio yamemwiva. Lakini Swabra hakucheka. Ukwaju ule aliutengeneza yeye, na miaka miwili ya chuo cha upishi huko Mombasa ilimfunza kwamba mtu anayenusa ana jambo. Akamkaribia, macho yake sakafuni kama kawaida yake.

"Ukwaju una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Samaki pia hana kasoro. Ila hawa wawili hawasikizani."

"Samaki na juisi?"

"Ukwaju wako una ukakasi, na changu ni mpole. Umemkalisha na jirani mwenye kelele. Mpe ndimu, tangawizi kidogo, iwe baridi sana. Huu ukwaju mpe nyama ya ngamia, utaona watakavyopendana."

"Wewe ni mpishi?"

"Mimi ni mlaji tu."

Swabra alirudi jikoni amekasirika. Wateja walipopungua alikamua ndimu, akakwaruza tangawizi, akatia barafu, akala kipande cha changu na kushushia. Akasimama palepale na gilasi mkononi. Samaki aliyempika kila siku kwa miaka mitatu, ilikuwa kama amemwonja leo kwa mara ya kwanza.

Kijana aliitwa Ishaq. Wazazi wake walikimbia vita kutoka kisiwa cha Chovai mwaka tisini na moja. Yeye alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Mombasa, akakulia huko, kisha akaenda Italia kutafuta maisha. Sasa alikuwa amerudi kuiona nchi aliyoijua kwa masimulizi ya mamake.

"Italia ulifanya nini?" Swabra alimwuliza siku ya tatu.

"Shamba. Halafu jikoni." Akageuka haraka kutazama sufuria. "Leo kuna nini?"

Kulikuwa na kamba wa nazi. Kesho yake kulikuwa na ngisi. Ishaq alikuja kila mchana, na jioni simu ya Swabra ililia kabla hajamaliza kuosha vyombo.

"Mpishi wangu, hujambo?"

"Sijambo. Wapiga simu kunijua hali au kuuliza kesho napika nini?"

"Vyote. Lakini hali kwanza."

"Mwongo."

"Haya, chakula kwanza. Ila nikikisikia chakula naisikia na sauti, roho yangu, kwa hiyo sipotezi kitu."

Swabra, ambaye mbele ya watu maneno yalimkwama kooni, kwenye simu alijikuta anacheka mpaka halati yake akagonga ukuta. Halati ndiye Bi Khamisa mwenyewe, dada wa marehemu mamake, aliyemlea.

Walitundika ubao mlangoni. Swabra aliandika kwa chaki, Ishaq akisema. Upande mmoja vinywaji vyeupe: ndimu na tangawizi kwa changu, dafu kwa kamba. Upande wa pili vyekundu: karkade ya maua mekundu kwa baasto ya nyanya na nyama, ukwaju kwa ngamia. Wachukuzi walidhihaki siku mbili, siku ya tatu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama mawakili juu ya nini kinakwenda na nini. Na Ishaq akasema, bila kumtazama, kwamba angependa watu wake waje Ijumaa ya wiki ijayo kuleta posa.

Wabajuni hawaitikii posa kabla ya kuulizia. Zamani mtu alivuka hadi kisiwa cha pili, akaketi na majirani wa kijana, akarudi na habari. Siku hizi majirani wametawanyika, kwa hiyo Bi Khamisa aliulizia kwa simu: Mombasa, London, kila palipo na Mbajuni. Siku mbili habari zilikuja nzuri tu. Siku ya tatu Layla, binamu yake Swabra wa Mombasa, alituma video ambayo mtu aliwahi kuiweka kwenye status. Sekunde thelathini.

Ishaq amesimama kwenye ukumbi wa mawe, mapipa makubwa ya mbao nyuma yake, amevaa aproni nyeusi. Watalii wamemzunguka. Mkononi ana gilasi ya mvinyo mwekundu. Anaishika chini kabisa kwa vidole viwili. Anaizungusha. Ananusa, amefumba macho. Anaipeleka mdomoni. Video inakatika.

"Mlevi," Bi Khamisa alisema, akaketi kwenye gunia la mchele.

Swabra aliirudia video mara nne. Si gilasi iliyomchoma, bali vile vidole viwili. Alivijua. Alivipenda kabla hajalijua jina la mwenyewe.

Alimpigia simu amesimama uani, kati ya mitungi ya maji.

"Ishaq, shamba lile lilikuwa la nini?"

"Zabibu."

"Na jikoni?"

"Jikoni kwa wenye shamba. Wageni walikuja kuonja mvinyo, na kila mvinyo ulipewa chakula chake. Mweupe kwa samaki, mwekundu kwa nyama. Nilifunzwa kuvilinganisha."

"Kwa hiyo ubao wetu..."

"Ndiyo."

"Mimi nimeandika hayo kwa mkono wangu mwenyewe, mlangoni kwa halati. Watu wanatoka msikitini, wanayasoma."

"Swabra, niliyoyaandikisha ni ndimu na dafu."

"Najua niliandika nini. Sikujua nafanya nini."

Akakata. Akatwaa kitambaa cha maji, akaufuta ubao hadi ukabaki mweusi.

Siku nne Ishaq hakuja, wala simu haikulia. Layla, kwa majuto, aliitafuta video nzima akaituma. Sekunde mbili baada ya pale ilipokatika, Ishaq aliinama na kuutema mvinyo kwenye ndoo ya fedha, kama wafanyavyo waonjaji wa huko.

"Ametema," Bi Khamisa alikiri. "Lakini alitia mdomoni."

"Hilo ataulizwa na Mola wake, halati. Mimi nina langu la kumuuliza."

"Lipi?"

Swabra alichukua kisu, akaendelea kuparua samaki. Mchana ule mvuvi mmoja wa Chula aliitisha changu na ukwaju, kama zamani. Alipompelekea alitaka kumwambia, usinywe huo, ngoja nikuletee ndimu. Ulimi wake ulikuwa umeshajifunza, na kitambaa cha maji hakikufika huko.

Siku ya tano, mkahawa ukiwa umejaa, Ishaq aliingia. Shati lilikuwa lile lile, halikupigwa pasi. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Bi Khamisa, na wachukuzi wakashusha vijiko.

"Bi Khamisa, ulikuwa ukiulizia habari zangu. Nimekuja nikupe mwenyewe. Nilifanya kazi ya mvinyo miaka minne. Nililima, nikavuna, nikapika, nikawa wa kunusa na kuonja. Nilitema, sikumeza. Lakini niliwamiminia watu wakanywa, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi mpaka nikaacha. Sina ujuzi mwingine. Nilipofika hapa niliona aibu kusema nilikoupata."

"Kwa nini hukusema kabla hatujakupenda?" Bi Khamisa alimkemea. Kisha akasikia alichokisema, akaishika sufuria isiyohitaji kushikwa.

Swabra alitoka jikoni. Mara hii macho yake hayakuwa sakafuni.

"Ishaq. Nilikuuliza siku ya tatu. Ungenijibu siku ile, ningefanya nini, wafikiri?"

"Ungenifukuza."

"Ningekasirika. Kisha ningekuuliza ndimu ngapi." Sauti ilimtetemeka, lakini haikukwama. "Uliijua ladha ya kila kitu humu ndani, isipokuwa mimi. Mimi hukunionja hata kwa neno moja la kweli."

Ishaq aliinamisha kichwa. "Uliza sasa. Lolote."

"Kuna jingine umenificha?"

"Samaki wako wa kupaka. Nilisema ni mzuri. Ana chumvi nyingi."

Mchukuzi mmoja alipaliwa na baasto. Bi Khamisa akajifunika mdomo kwa mtandio. Swabra alijaribu kununa, akashindwa. Akaingia jikoni, akarudi na gilasi ya karkade, nyekundu, akamwekea mezani.

"Kunywa. Bila kuizungusha, bila kunusa. Kunywa kama watu."

Ishaq aliishika gilasi kwa kiganja kizima, akaipiga mafunda matatu mbio mbio. Nusu ya funda la mwisho ilimwagikia shati jeupe, ikaenea kifuani.

"Ikoje?" Swabra aliuliza.

"Sijui," alisema, akihema. "Sikuionja. Nilikuwa nakutazama wewe."

Mkahawa mzima ulipiga kelele. Swabra alishika njia kwenda mlangoni, uso unamwaka, akachukua chaki. Alirudisha vyeupe upande mmoja na vyekundu upande wa pili, ndimu kwa changu, ukwaju kwa ngamia, kila kimoja mahali pake. Mkono wake haukusita. Kisha chini kabisa, kwa herufi kubwa ili hata wa ng'ambo ya barabara asome, akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwambia auandike:

IJUMAA TUMEFUNGA. TUNA WAGENI.