Aliyeshika Tochi

"Usiwashe! Toa mkono kwenye ufunguo!"

Spana alipiga kelele, mfuko wake wa nguo ameutupa getini, hata geti hajalifunga. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameshakaa kwenye usukani, oili imemfika viwikoni. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono kiunoni; yeye ndiye aliyepiga simu: "Mkwe wangu, njoo, mumeo analiua gari."

"Umerudi?" Dereva aliuliza, uso umechanua.

"Nimeitikia wito wa mama. Wewe shuka."

Siku nne Spana alikuwa kwa wazazi wake. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi wa magari, angali mtoto, na tangu aolewe yeye ndiye aliyekuwa akilitengeneza lori hilo. Sasa siku aliyoondoka alikuwa amemsikia mumewe akijigamba kwenye simu kwa madereva wenzake: "Injini naifungua mwenyewe, bwana! Mke wangu kazi yake kushika tochi tu."

Loo! Kushika tochi! Spana hakugomba. Alikunja nguo zake akaondoka.

Siku ya nne sampu, lile bakuli la oili lililofungwa chini ya injini, likaanza kuvuja. Bwana mkubwa akaingia uvunguni mwenyewe, si alishasema anaweza?

Spana aliyakagua mawe yaliyozuia magurudumu, akajilaza chini ya lori, akapitisha kidole ukingoni mwa sampu. Silikoni, ile gundi ya kuzibia, ikamganda kidoleni.

"Mbichi hii. Umepaka saa ngapi?"

"Kama nusu saa hivi."

"Tyubu nzima?"

"Nilitaka izibe vizuri."

"Na oili umeshamimina?"

"Yote."

"Mume wangu, hii si siagi ya mkate! Iliyozidi inaminyikia ndani, inakatika, inaziba chujio la oili. Ungefika katikati ya safari injini ikakwama. Ungemwambia nini tajiri wako mwenye lori?"

Lori ndilo lililokuwa likiwalisha wote watatu.

"Nitalifunga sampu upya," Spana alisema. "Silikoni ikikauka, narudi kwetu. Tusidanganyane."

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Mwanangu, mficha uchi hazai. Sema ulilonalo moyoni kabla hajaondoka."

Dereva akainama, akasukuma karai chini ya injini.

Wakaimwaga oili. Bolti zikatoka moja moja. Sampu likang'ang'ania, Dereva akachukua bisibisi alibandue.

"Thubutu! Utakwaruza chuma, livuje milele. Nipe nyundo ya mpira. Na mulika hapa."

Akagonga taratibu pembeni, likaachia. Akabandua silikoni yote, akafuta kwa kitambaa chenye petroli mpaka chuma kikang'aa. Kisha akapaka mstari mmoja mwembamba, akizunguka kila tundu la bolti kwa upande wa ndani. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Dereva alimulika huku akimtazama, fahari imemjaa kifuani, na aibu pia.

"Bolti kaza kwa vidole tu," Spana alisema walipolirudisha sampu mahali pake. "Tunangoja saa nzima, ndipo tukaze kwa spana, huku na huku, kwa mkingamo. Oili mpaka kesho."

Wakakaa kwenye ngazi ya lori kungoja.

"Niliogopa kuchekwa," Dereva alisema ghafla. "Wangesema mke ndiye mwanamume wa nyumba."

"Ukaona heri nidharaulike mimi?"

"Nilikosa. Nisamehe, mke wangu."

"Uliyasema mbele ya watu. Msamaha unanipa faraghani?"

Dereva alifuta mikono, akatoa simu. Kwenye kundi la madereva akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti.

"Jamani, nilisema uongo. Lori hili fundi wake ni mke wangu, tangu siku ya kwanza. Mimi nilijaribu wiki hii, nusura niue injini. Kazi yangu mimi ni kushika tochi. Na ninajivunia! Anayetaka kucheka, acheke."

Akatuma. Mama mkwe akapiga kigelegele, jirani akachungulia ukutani. Spana akageuza uso pembeni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yaonekane.

"Saa imetimia," alisema. "Lete spana."

Asubuhi walimimina oili, Dereva akawasha. Injini ikanguruma nusu saa nzima juu ya boksi lililotandazwa chini yake. Mama mkwe alilivuta boksi, akaligeuza huku na huku, akaliinua juu.

"Kavu! Hata tone! Huyo ndiye mkwe wangu!"

Simu ya Dereva ikalia. Ujumbe ulisomeka: *"Kaka, cheko limekwisha. Langu linavuja mwezi wa tatu sasa. Shemeji ana nafasi?"*

Dereva akampa simu mkewe kwa mikono miwili. "Mjibu mwenyewe, fundi."

Spana aliutazama mfuko wake wa nguo, bado uko pale getini. Akaandika:

*"Lete Jumatatu. Wa kushika tochi ninaye."*

Kisha akamwambia mumewe auingize mfuko ndani.