Kisanduku Kilichonyamaza Kinoo

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2008, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Mwololo, mkoleza boila, tangi la kuchemshia mvuke, katika kiwanda kimoja cha dobi huko Kinoo, alikutwa amekufa kwa kuunguzwa na mvuke. Ukutani, kisanduku cha kengele ya hatari kilikuwa kinawaka taa ya kijani, kana kwamba hakuna neno.

Kesho yake saa mbili na nusu, Inspekta Nthiwa alikiweka kisanduku hicho mezani, katika ofisi ya kampuni iliyokitengeneza, ghorofa ya tano, Moi Avenue, mbele ya watu wake watatu.

"Hakikulia. Nani aliandika programu yake?"

"Philister," alijibu upesi Mbuthia, mwenye kampuni. "Mimi ni mfanyabiashara tu, Afande. Hata barua pepe huandikiwa."

Philister alikikazia macho kisanduku. Mtu amekufa, na jina lililotajwa ni lake.

"Na wewe?" Nthiwa alimgeukia Joash, fundi wa nyaya. "Ijumaa ulionekana Kinoo."

"Nilibadilisha waya, Afande. Sikuenda kuua mtu!"

Philister aliunganisha kisanduku na kompyuta yake. "Amri ya kuliza kengele imeondolewa."

"Na nani?"

"Hiki ni kompyuta ndogo, Afande, hakiwezi kujipikia programu, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine. Tunakipikia programu kwenye kompyuta kubwa, kwa zana maalumu. Programu isiposafishwa, yaani alama zake zisipofutwa, hubaki na jina la folda ya zana zilizoipika. Zangu ziko kwenye folda yangu, za Joash kwenye yake. Folda kuu haifunguki bila paswadi ya bosi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa," Mbuthia alisema kwa majivuno. "Hiyo ninayo peke yangu. Vijana huharibu mashine."

Philister alibonyeza vitufe, akiogopa kuliona jina lake. Halikuwepo. La Joash pia halikuwepo.

"Folda kuu," alisoma.

Mbuthia alikaa chini kama gunia.

"Ilikuwa inalia kila siku! Wateja walitishia kuvirudisha visanduku. Nilifuata maagizo uliyobandika ukutani, Philister, hatua kwa hatua. Jumamosi nikakipeleka mwenyewe. Nilidhani ni kelele za bure."

"Ilikuwa inalia kwa sababu boila ilikuwa mbovu, bosi."

Nthiwa alitoa pingu.

"Ngoja, Afande." Philister alimgeukia Mbuthia. "Bosi, umevinyamazisha vingapi?"

Mbuthia hakuinua macho. "Viwili. Kingine... cha kiwanda cha maziwa, Kabiria. Nimekipeleka jana jioni, kabla sijasikia habari za Kinoo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika nne. Kabiria huwasha boila saa mbili.

Philister alipiga simu kiwandani. Iliita mara sita.

"Philister! Sasa?" Alikuwa Waithera, msimamizi wa kiwanda, mchangamfu. "Leo hicho kitu chenu hakitupigii kelele. Tunafanya kazi kwa raha!"

"Zima boila, mama! Zima, mtoke nje wote!"

Simu ilianguka sakafuni. Zikasikika mbio za miguu, kisha mlio mkali wa mvuke, ukapanda, ukapanda, boila ikapasuka kwa kishindo.

Kimya.

Halafu, kwa mbali, Waithera akasikika akiwaita wenzake kwa majina, na mmoja mmoja wakiitika.