Kamba kwenye Nguzo

Tarehe 9 Februari, mwaka 1721. Asubuhi hiyo anga la mji wa Edo, Japani, lilikuwa jeupe, na upepo mkavu wa kaskazini ulirusha vumbi hadi ndani ya vyungu. Okiyo na mumewe Genpachi walikuwa wakikamua soya ili watengeneze tofu.

Jirani yao Tasuke, mjenzi wa mapaa na mzimamoto wa mtaa, alichungulia mlangoni.

"Shemeji, leo usiliache jiko peke yake. Upepo huu hauna adabu."

"Hata wewe huna. Jana ulikula tofu yangu bila kuomba!"

Wakacheka.

Kabla ya adhuhuri kengele ililia. Nyumba ya kuogea ilikuwa inawaka. Tasuke alipanda juu ya paa la nyumba ya mama yake, Otora, iliyopakana na ya Genpachi, akasimamisha fimbo ya kundi lake la wazimamoto. Maana yake, moto utakomea hapa. Mshika fimbo akishasimama, hashuki.

Wenzake wakaja na kulabu. "Kaka Genpachi, toka! Tunabomoa yako."

"Haijashika moto! Leteni maji!"

"Maji ya ndoo hayauwezi upepo huu," Tasuke alipaza sauti kutoka juu. "Moto ni mlafi. Ukiunyima chakula, unakufa. Bomoeni!"

Genpachi akalala kizingitini. "Basi nibomoeni na mimi!"

Okiyo alisali moyoni. Mdomo hakuufungua.

Walipomburuta Genpachi, moto ulikuwa umeshavuka. Nyumba zote mbili ziliteketea. Tasuke alianguka na paa, akafa fimbo mkononi.

"Umeokoa nini, mwanangu?" Otora alimuuliza Genpachi.

Hakuwa na hata ndoo ya kumwonyesha.

Walijenga upya, kwa mbao nyepesi. Okiyo akafunga kamba nene kwenye nguzo ya kati, ili moto ukija nyumba iangushwe upesi.

"Umeifunga isitoroke?" watu walimcheka.

Majira ya baridi yaliyofuata kengele ililia tena. Genpachi aliitazama tofu yake, akaitazama kamba. Wakaivuta wote wawili. Nyumba ikalala chini. Wazimamoto wakaondoa mbao. Moto ulifika pale, ukakosa chakula, ukafa. Mtaa ukapona.

Majirani walishangilia. Otora hakushangilia.

"Mngeivuta mwaka jana," alisema.

Okiyo akapiga magoti vumbini, mbele ya watu wote.

"Ndiyo, mama. Mwaka jana nilinyamaza. Tutajenga tena, na kamba nitaifunga tena. Kengele ikilia, sitamsubiri mume wala mzimamoto. Nitavuta mimi. Nyote mmenisikia."