Mtani wa Marehemu Pazi

Kitulizo kilikuwa kazini. Dakta Nyamizi Kapela alisimama mbele ya turubai la msiba, huko Pugu, na ilikuwa haki moyo wake umwende mbio. Lakini kila ulipotaka kuanza, kile kidubwasha cha ukubwa wa punje ya mahindi, kilichobandikwa nyuma ya sikio lake, kiliuwahi. Kilionja damu, kikakuta kotisoli imepanda, kikatuma amri ubongoni, na tezi zilizo juu ya figo zikafunga bomba. Kotisoli ndiyo homoni ya mfadhaiko, ile inayotukausha mate na kututetemesha magoti. Nyamizi aliichunguza ujana wake wote, mpaka akaunda kitulizo, akakipenda kama mwana wa kumzaa.

Siku hizi wajenzi wote wa Mnara wa Anga, ule utakaopandisha mizigo hadi vituo vya angani, walikivaa. Walichomelea vyuma juu ya mawingu huku wakipiga miluzi. Pazi naye alikuwa akipiga mluzi, wenzake walisema, alipokanyaga ukingo bila kufunga mkanda. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mzembe. Hakuogopa tu.

Kampuni ilitangaza ajali. Nyamizi alijua kilichomuua, na alikuja kumwambia mjane kwa mdomo wake mwenyewe.

"Karibu mwanangu. Wewe mtu wa wapi?" aliuliza Mzee Mwinshehe, ami yake marehemu.

"Tabora, baba. Mnyamwezi."

Lo! Hapo alijikaanga kwa mafuta yake.

"Jamani, mtani kaja!" mzee akapaza sauti.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa tangu zamani, na msibani mtani hana ruhusa ya kuhuzunika; kazi yake ni kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Wanawake wakamvuta Nyamizi hadi mkekani, mbele ya Chausiku, mjane, ambaye tangu mazishi hakutia kitu kinywani.

"Haya mtani, tupe maneno!"

"Mimi ndiye niliyemuua mume wako," alisema Nyamizi.

Turubai zima likapasuka kwa kicheko. Sauti yake ilikuwa kavu na tulivu, kama mtu anayeagiza chai, na hivyo ndivyo wasemavyo watani mahodari.

"Wanyamwezi hawa hawana haya!"

"Nasema kweli. Kile kifaa nilikitengeneza mimi. Kilimwondolea woga."

"Woga? Mzaramo na woga, wapi na wapi!"

Wakaangua kicheko upya. Chausiku naye, masikini, akacheka, akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Ahsante, mtani wangu. Umenipa pumzi."

Nyamizi angeweza kunyamaza hapo. Angekula wali wa msiba, akaaga, akasifiwa njia nzima. Na aibu yenyewe ni kwamba alilipima jambo hilo, akaliona zuri. Hata aibu hiyo haikumfika sawasawa. Iligusa kidogo tu, kitulizo kikaifuta. Ndipo akapeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua.

Mwili ukamrudia kwa hasira. Magoti yalimwisha nguvu, uso ukamwaka, akaporomoka mkekani mbele ya wazee wa watu, kamasi na machozi vikimchuruzika, asiweze kumtazama yeyote. Watu walicheka kidogo tena, wakidhani ni mbwembwe za utani. Kisha mmoja mmoja wakaacha, maana mtani halii namna ile.

Chausiku akajisogeza mpaka magoti yao yakagusana.

"Dada, yale uliyosema ni kweli?"

"Ni kweli."

"Pazi aliniambia kule juu haogopi tena hata kidogo. Akasema mara mbili amesahau mkanda. Nikamwambia, nenda kamwambie huyo dakta mwenye kifaa. Alikuja?"

"Alikuja. Alinikuta ofisini, tukanywa chai."

"Akakwambia?"

"Aliniambia yote."

"Ukamjibuje?"

Nyamizi alitamani ardhi immeze. Maabara nzima ilikuwa ikisubiri siku mtu atamke neno hilo, kwamba haogopi. Walikuwa wameliita ushindi. Alifunika uso kwa viganja, na Chausiku akavishika, akavishusha polepole, akangoja.

"Nilimwambia hongera."